Kristian Birkeland na Nuru ya Kaskazini

Sisi wa Kasanda twazijua nyota za usiku wa kiangazi, lakini mbingu yetu haiwaki rangi. Huko Norwe, kaskazini kabisa, mapazia ya nuru ya kijani na nyekundu huchezacheza angani. Aliyeumaliza mwili wake kwa kuitafuta asili ya nuru hiyo ni Kristian Birkeland, aliyezaliwa tarehe 13 Desemba 1867 katika mji uitwao leo Oslo.

Mwaka 1899 alijenga nyumba ya mawe juu ya mlima Haldde, akakaa humo majira ya baridi na wasaidizi wake, wakiipima sumaku ya dunia. Msaidizi mmoja alifukiwa na poromoko la theluji, akafa. Birkeland hakuacha. Alitundika tufe dogo lenye sumaku ndani ya sanduku la kioo lililotolewa hewa, akalirushia elektroni. Nuru ikawaka kuzunguka ncha zake mbili! Akasadiki kwamba elektroni hutoka kwenye jua, na sumaku ya dunia huziongoza. Wataalamu wa Uingereza walimkatalia.

Fedha zilikuwa haba. Mwaka 1903 yeye na Sam Eyde walivumbua njia ya kutengeneza mbolea kutokana na hewa kwa moto wa umeme. (Wenye kutia chumvichumvi mahindi yao watashangaa.)

Alifika hata Sudan na Misri kuchunguza mwanga mwingine wa angani. Usingizi ulikuwa umempotea, akaishi kwa dawa. Akiwa safarini kurudi kwao kupitia Japani, alifariki Tokyo tarehe 15 Juni 1917, umri miaka 49, angali akipingwa.

Miaka ya 1960 setilaiti zilipima mikondo ya umeme aliyoitaja. Leo nguvu ya elektroni hujulikana kwa rangi. Zilizo dhaifu hukwama juu, kupita kilomita 200, na oksijeni hutoa wekundu. Zenye nguvu hushuka hadi kama kilomita 100, zikawasha kijani cha oksijeni na buluu ya naitrojeni. Wekundu hukawia karibu dakika mbili kutoka. Kule chini hewa ni nzito, na oksijeni hugongwa ikapoteza nguvu kabla ya kung'aa. Basi wapimaji hulinganisha nyekundu na buluu: buluu ikizidi sana, elektroni zilizoingia zilikuwa na nguvu nyingi.