Burkitt, daktari wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa taya za watoto

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, akapoteza jicho moja akiwa na miaka 11. Hata hivyo akawa daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957, hospitalini Mulago, Kampala, alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiulizia ugonjwa huo kila hospitali. Waligundua kuwa saratani hiyo hupatikana nchi za joto na mvua, penye malaria, na ni nadra milimani. Hali hiyo ya joto ndiyo ya mwambao wa Baraka, tofauti na vilele vya Itombwe.

Vipande vya uvimbe alivyotuma London vilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kugundua kirusi kipya mwaka 1964. Burkitt naye alionyesha kuwa dawa pekee zaweza kuwaponya watoto ambao kisu hakikuwasaidia.

Alifariki mwaka 1993. Mpaka leo kupima kipande cha uvimbe mapema, kabla haujasambaa, humwongezea mtoto nafasi ya kupona.