PIERRE CURIE: KIJANA ALIYEBANA JIWE LIKATOA UMEME

Ukitaja jina Curie hapa shuleni, wengi watakuambia habari za Marie tu. Mumewe husahaulika. Mimi nilimtafuta kwa sababu ya utando mwembamba wa plastiki ambao klabu yetu ya sayansi iliubandika kwenye mlango wa maabara. Mlango ukigongwa, utando watetemeka na kutoa umeme kidogo, transista yaukuza, kitaa chawaka. Utando wenyewe haupewi umeme wa betri. Sasa unatoka wapi?

Pierre Curie alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 15 Mei 1859. Babake alikuwa daktari. Ajabu ni kwamba hakupelekwa shule alipokuwa mdogo, alisomeshwa nyumbani. Lakini alipofika miaka 16, umri wangu huu, alikuwa ameshaanza masomo ya chuo kikuu huko Sorbonne!

Mwaka wa 1880, Pierre na ndugu yake mkubwa Jacques walichukua mawe ya fuwele kama vile kwatsi na turmalini, wakayakata kwa uangalifu, wakabandika karatasi nyembamba za bati pande mbili, kisha wakayabana. Umeme ukatokea! Hata fuwele za sukari ya miwa, hii ya kutia chai, zilitoa umeme zilipobanwa. Mwaka uliofuata wakaonyesha kinyume chake: jiwe likipewa umeme, hubadilika umbo kidogo mno.

Umeme huo ulikuwa hafifu, ungedhani ni mchezo wa watoto. Ila ndugu hao walitumia kwatsi kuunda chombo cha kupimia umeme mdogo sana. Pierre alimwoa Marie mwaka wa 1895, naye Marie akakitumia chombo hicho kupima miale ya urani. Mwaka wa 1898 wakagundua poloni na radi, na 1903 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na Henri Becquerel. Kwa hivyo hata katika sifa za Marie, lile jiwe limo.

Tarehe 19 Aprili 1906, mvua ikinyesha, Pierre alianguka akivuka barabara Paris, na gari la farasi likamponda kichwa. Alikuwa na miaka 46 tu. Hakumwona mwanafunzi wake Paul Langevin akitumia kwatsi kusaka nyambizi kwa mawimbi ya sauti wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Wala hakuona plastiki kama yetu, ambayo Mjapani Heiji Kawai aliigundua kuwa na nguvu hiyo mwaka wa 1969.

Juzi mwalimu wa fizikia alibamiza mlango kwa hasira, na kitaa kikawaka. Hata yeye alicheka.