Odera Oruka na Falsafa Isiyoandikwa

Henry Odera Oruka alizaliwa mwaka 1944 huko Ugenya, Nyanza. Alikwenda Uppsala, Uswidi, kusomea sayansi, akavutwa na falsafa. Baada ya masomo zaidi nchini Marekani, alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970.

Wakati huo wasomi wengi walishikilia kwamba Mwafrika ana mila na methali, lakini hana falsafa, kwa kuwa hakuiandika. Oruka aliwajibu kwa mfano wa Socrates. Mgiriki huyo hakuacha hata kitabu kimoja. Mawazo yake yaliandikwa na wengine, hasa mwanafunzi wake Plato. Iwapo Socrates ni mwanafalsafa, mzee wa kijijini anayeyahoji mapokeo ya jamii yake amepungukiwa na nini?

Katika miaka ya 1970, Oruka aliwaendea wazee kuwahoji. Aliwatenganisha wale walioyajua mapokeo tu na wale walioyapima kwa akili zao. Mzee Paul Mbuya Akoko, Mluo, alitoa hoja kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote: lau miungu ingekuwa mingi, maumbile yangevurugika, ilhali yana utaratibu mmoja.

Miongoni mwa wazee hao alikuwamo baba yake mzazi, Oruka Rang'inya. Huyu aliona ni kosa kumpa Mungu nafsi kama ya mtu. Kwake Mungu ni wazo, nalo ni wazo la wema wenyewe. Hapo alimkaribia Plato, aliyeufananisha Wema na jua: kutoka kwake haki, uzuri na yote yajulikanayo kwa akili hupata kuwako. Hata hivyo, Rang'inya alilithamini wazo hilo kwa manufaa yake katika maisha ya watu.

Wapinzani walidai kwamba falsafa hiyo ilikuwa ya profesa, si ya wazee. Oruka alishikilia kwamba mwulizaji ni mkunga tu. Mtoto si wake.

Kitabu chake kuhusu falsafa ya wahenga kilipotoka mwaka 1990, Mbuya na Rang'inya walikuwa wamekwisha kufariki. Oruka mwenyewe aligongwa na gari jijini Nairobi, akafariki Desemba 1995.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, kutoka Homa Bay hadi Migori, funzo ni hili: mzee asiulizwe hadithi tu, aulizwe pia sababu, angali hai.