Maisha ya Nana Asmau, Binti wa Shehu Uthmani wa Sokoto

Mwezi wa Shaabani uliopita tulikwenda Nairobi kwa ajili ya darsa, tukawa wageni wa ndugu zetu wa Makina katika Kibera, kisha tukaenda Kawangware. Wasomaji wetu wa mwambao ambao hawajafika huko na wajue kuwa Kibera ilianzwa na Waislamu. Wenyeji wake wa kwanza ni Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza, wakapewa kukaa katika msitu ule, wakaufyeka na kujenga. Na jina lenyewe la mji latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 Serikali ya wakati ule iliitenga rasmi ardhi ile kwa ajili ya askari hao, nayo ilikuwa zaidi ya eka 4,000. Na wazao wao, baada ya kuidai karibu miaka mia, walipewa mwaka 2017 hati ya eka 288. Leo wanakaa humo pamoja na watu wa kila kabila.

Tulipokuwa Makina, baada ya sala ya Alasiri, bibi mmoja wa makamo aliuliza suala kutoka upande wa pili wa pazia. Alikuwa ametoka kufua nguo katika nyumba za watu huko Kilimani tangu asubuhi, na mikono yake, kama alivyosema mwenyewe, ilikuwa bado yanuka sabuni. Alitaka kujua kama elimu ya dini imemlazimu yeye au haikumlazimu, kwani ameswali miaka ishirini wala hajui hukumu za tohara yake, na kila alipoomba kusomeshwa aliambiwa amwulize mumewe, na mumewe naye hajui. Kabla hatujafungua kinywa, ndugu mmoja mwenye kilemba akatutangulia kumjibu kuwa mwanamke yamtosha Alhamdu na kumtii mume. Tulipofika Kawangware tuliyakuta yale yale. Chuo ni chumba kimoja cha mabati. Wavulana wasoma kila siku, wasichana Jumamosi tu, na mama zao hawana hata hiyo siku moja.

Yule bibi tulimjibu kwa hukumu, nayo ni dhahiri, kuwa kutafuta elimu ni faradhi ya kila Mwislamu, mume na mke. Lakini tuliona usoni mwa yule ndugu kuwa hukumu peke yake haikumtuliza. Kwa hivyo tumeona ni kheri tueleze hapa khabari za bibi mmoja Mwafrika, mwanachuoni na mtungaji, ambaye suala hili hili lilikuwa kazi ya umri wake wote.

Jina lake ni Asmau, na watu wa kwao humwita Nana kwa heshima. Alizaliwa mwaka 1793 huko Degel, katika nchi ya Gobir, ambayo leo ni sehemu ya kaskazini ya Nigeria. Baba yake ni Shehu Uthmani bin Fodio, mwanachuoni wa Kifulani aliyesimama kuitengeneza dini katika nchi za Kihausa. Mama yake ni Maimuna. Alizaliwa pacha na ndugu mwanamume aliyeitwa Hasan, na yeye akapewa jina la Asmaa binti wa Abubakar Siddiq, yule aliyepeleka chakula pangoni wakati wa Hijra. Jina hilo lilimfaa, kama tutakavyoona.

Tusimame kidogo kwa baba, maana bila ya kumjua yeye hatutamfahamu binti. Shehu alipokuwa kijana akizunguka kuwaidhia, aliwaruhusu wanawake wahudhurie, wakae upande wao. Wanavyuoni wakamlaumu, na mmoja wao, Mustafa Goni, mtu wa Bornu, alitunga shairi la Kiarabu la kumtaka Shehu awazuie. Aliyeagizwa kumjibu ni Abdullahi, ndugu yake Shehu, naye akajibu kwa shairi vile vile, kuwa kuwaacha wanawake katika ujinga ni madhara makubwa zaidi kuliko hayo yaliyochelewa. Na Shehu mwenyewe katika vitabu vyake aliwakemea vikali wanavyuoni wanaojaza nyumba zao wanafunzi kutoka miji ya mbali, na huku wake zao na binti zao hawakufundishwa namna ya kutawadha. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Twasikitika kuwa ndugu yetu wa Makina alikuwa akirudia maneno ya Mustafa Goni wala hakumjua.

Basi katika nyumba ile wasichana walisomeshwa kama wavulana. Dada yake mkubwa, Khadija, alifika daraja ya kuufasiri Mukhtasar wa Khalil, kitabu cha fiqhi ya Imamu Malik, kwa lugha ya Kifulani. Asmau alihifadhi Qur'ani, akasoma fiqhi, hadithi na tasawwuf, akajua lugha nne, yaani Kiarabu, Kifulani, Kihausa na Kituareg.

Hata ulipoingia mwaka 1804 mfalme wa Gobir aliwataabisha, ikawabidi kuhama. Jamaa wote wakatoka Degel wakaenda Gudu, watoto na wazee, na Asmau ana miaka 11. Vita vikaanza, vikaendelea miaka minne, mpaka mji mkuu wa Gobir, Alkalawa, ulipotekwa mwaka 1808. Msichana yule aliyaona yote hayo, njaa, kuhamahama, na kuzikwa watu aliowajua. Na baadaye, alipokuwa mtu mzima, aliyatungia utenzi mrefu wa kueleza safari na vita vya Shehu, na wanaoandika tarikhi ya nchi ile wautegemea mpaka leo. Katikati ya vita hivyo, karibu na mwaka 1807, aliozwa Gidado, sahibu mkubwa wa ndugu yake Muhammad Bello. Bello alijenga Sokoto mwaka 1809, akawa khalifa alipofariki Shehu mwaka 1817, na Gidado akawa waziri wake.

Hapa twapenda msomaji azingatie jambo moja. Bibi huyu alikuwa mke wa waziri, mwenye watoto, na nyumba yake ilikuwa na watu wengi wa kulishwa kila siku. Hakusubiri faragha. Aliandika katikati ya shughuli hizo, na mume wake hakumzuia, bali alishirikiana naye katika kazi ya kuhifadhi khabari za Shehu na za Bello. Zimebaki katika kazi zake zaidi ya sitini, nyingi ni mashairi. Alijua takhmis kama wajuavyo washairi wetu wa Lamu na Mombasa, akichukua shairi la ndugu yake au la baba yake na kuliongezea mishororo. Aliandikiana na mwanachuoni wa Shinqit, mji wa mbali kabisa upande wa magharibi, naye akamheshimu kwa elimu yake. Mwaka 1839 aliandika kwa Kiarabu kitabu cha tiba kwa sura za Qur'ani, kiitwacho Tabshir al-Ikhwan.

Lakini vitu hivyo vya Kiarabu aliwaandikia wanavyuoni. Wanawake wa mashambani aliwatungia kwa Kifulani na Kihausa, lugha zao wenyewe, kwa herufi za Kiarabu kama tuandikavyo sisi tenzi zetu. Alitunga shairi lenye majina ya sura zote 114 za Qur'ani, ili asiyejua kusoma ayahifadhi kwa kuimba. Akatunga juu ya nguzo za dini, juu ya sira ya Mtume (s.a.w.), juu ya wanawake wema waliotangulia. Na alipofiwa na marafiki aliwatungia marithiya. Moja alimtungia bibi aitwaye Zaharatu, ambaye hakuwa mke wa mfalme wala wa waziri. Alikuwa akiwazalisha wanawake, akiosha maiti na kufundisha dini. Sisi katika vitabu vyetu vya khabari za watu wema ni mara chache kumkuta mwosha maiti akitajwa kwa jina.

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tumchague yeye. Baada ya vita, nchi ilijaa wanawake wa Kihausa waliokuwa hawajui Uislamu ila jina, na wengi wao walikuwa mateka. Hawa walishika ibada ya mapepo iitwayo bori, mfano wa ngoma za pepo tunazozijua huku kwetu. Huwezi kuwatoa watu katika ujahili kwa kuwakataza tu. Asmau alifahamu hivyo. Kati ya miaka ya 1830 alipanga jamaa ya wanawake walioitwa Yan Taru, yaani wenye kukusanyika. Katika kila kijiji alichagua bibi mtu mzima, mwenye akili na mwenye kuaminika, akampa cheo cha jaji, maana yake kiongozi wa safari. Jaji alikusanya wasichana ambao hawajaolewa na wanawake waliomaliza kuzaa, akafuatana nao mpaka Sokoto nyumbani kwa Asmau, wakihifadhi mashairi njiani. Wakifika walifunzwa na kusahihishwa, kisha wakarudi vijijini wakawafundisha wale waliofungwa na watoto wadogo na kazi za nyumba, wasioweza kusafiri. Kwa hivyo hapana aliyeambiwa aache nyumba yake ili apate elimu; elimu ilimfuata alipo.

Kila jaji alipewa kofia kubwa ya majani yaliyosukwa, iitwayo malfa, na juu yake Asmau humfunga kitambaa chekundu kwa mkono wake. Kofia ile hapo kwanza ilikuwa alama ya mama mkuu wa bori katika Gobir. Aliichukua alama ya pepo akaigeuza kuwa alama ya elimu, na kila mtu aliyekutana na bibi mwenye kofia ile njiani alijua kuwa huyu ana kazi na ana ruhusa. Wanawake nao walikuja na nafaka, asali, siagi na pamba, na Asmau akavigawa kwa maskini na wagonjwa.

Hatutaki kumpamba kuliko haki yake. Katika mashairi yake mna tawassul kwa mawalii ambayo sisi hatuikubali, na tungalimwambia hivyo kama tungalikuwa zama zake. Vile vile nyumba za wakubwa wa Sokoto zilisimama juu ya kazi za watumwa, na nyumba yake ilikuwa moja katika hizo. Mateka aliowafundisha walichukuliwa na jeshi la jamaa zake. Jambo hilo ni zito, wala mwenye kuandika tarikhi hana ruhusa ya kulificha. Lakini hakusema kuwa mateka hana haki ya elimu, na wangapi leo, bila ya kumiliki mtu, wasema hivyo juu ya mke aliyeajiriwa kufua?

Wako watakaotuuliza kwa nini twende mpaka Sokoto na hali tuna Mwana Kupona wetu. Hatujamsahau. Bibi yule wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858, na wakati huo Asmau alikuwa hai, ana miaka 65. Wawili hawa walikaa pande mbili za Afrika wala hawakupata kusikiana, na kila mmoja alishika kalamu na kutunga kwa lugha ya kwao katika herufi za Qur'ani. Ila Mwana Kupona alimwusia binti yake, Mwana Hashima, naye ni mgonjwa nyumbani, na wengine wakafaidika kwa kuunakili utendi wake. Asmau alikusudia tangu mwanzo kuwafikia asiowajua, akawapangia na njia ya kuwafikia. Utendi tunao hapa kwetu. Njia ndiyo tusiyokuwa nayo.

Bello alifariki mwaka 1837, na Asmau akamlilia kwa marithiya. Gidado naye akatangulia. Yeye akabaki miaka mingi baada yao, akiwa ndiye marejeo ya watu katika khabari za zama za Shehu, na nyumba yake haikukatika wageni. Alifariki mwaka 1864, akazikwa karibu na baba yake, na ndugu yake mdogo, Isa, akamtungia marithiya kama alivyowatungia yeye wengine. Kazi ya Yan Taru ilishikwa na dada yake Maryam, ikaendelea hata baada ya Waingereza kuiteka Sokoto mwaka 1903. Karatasi zake zilihifadhiwa na kizazi cha Gidado. Waziri Junaidu wa Sokoto akamwonyesha bibi wa Kiingereza, Jean Boyd, naye pamoja na mwenziwe Beverly Mack wakazipiga chapa kwa Kiingereza mwaka 1997. Tungependa siku moja zisomeke kwa Kiswahili, na mwenye uwezo wa kufasiri kutoka Kiarabu au Kihausa atuandikie.

Ama khabari ya yule bibi wa Makina ni hii. Tulirudi Kibera siku ya tatu, tukakaa na wazee wa msikiti na baadhi ya akina mama, tukawasimulia haya. Yule ndugu mwenye kilemba alikuwapo; hakusema kitu, lakini hakuondoka. Ndugu mmoja wa halaka yetu ametunga beti fupi za Kiswahili juu ya tohara na sala, nyepesi za kuimbika mtu akifua au akipika. Mabibi watatu wa Makina na wawili wa Kawangware wanazihifadhi, nao wazipeleka nyumba kwa nyumba baada ya Isha, wakati wenzao wamekwisha kurudi vibaruani. Mlango wa tohara wameumaliza. Wa sala watauanza mwezi wa Mfungo Sita ukiandama, inshallah.