Bwana Waksman na Udongo

Mvua ya kwanza inyeshapo hapa Kongwa, udongo hunukia vizuri. Nilidhani ni harufu ya vumbi tu, kumbe hutengenezwa hasa na bakteria waitwao Streptomyces.

Bingwa wa kuwachunguza bakteria hao alikuwa Bwana Selman Waksman. Alizaliwa Ukraine mwaka 1888, ilipokuwa chini ya Urusi, akahamia Marekani mwaka 1910. Huko, katika Chuo cha Rutgers, alitafuta dawa ndani ya udongo. Mwaka 1943 mwanafunzi wake, Albert Schatz, aliipata streptomisini, antibiotiki ya kwanza kutibu kifua kikuu. Babu yangu aliugua maradhi hayo, akapona kwa sindano zake pamoja na vidonge.

Schatz alishitaki ili haki yake ijulikane, na mwaka 1950 alitambuliwa kuwa mgunduzi mwenza. Hata hivyo, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1952 alipewa Waksman peke yake. Waksman alifariki mwaka 1973.

Bakteria huiunda dawa hiyo kwa vimeng'enya vingi, kila kimoja na kazi yake, kama mafundi wajengao nyumba. Vingine vilijificha mno. Mwaka 2002 wataalamu waliposoma jeni zote za Streptomyces mmoja, walikuta mafungu zaidi ya 20 ya jeni za kuunda kemikali mbalimbali, nyingi zikiwa hazijajulikana.

Ndugu wanafunzi, tumsifu Waksman, lakini tusimsahau Schatz. Afanyaye kazi sirini naye astahili jina.