BASHASHA YA MTUME (S.A.W.) NYUMBANI KWAKE

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: wako wanaume wadhanio kuwa heshima ya mwenye nyumba ni kukunja uso. Akiingia mlangoni watoto hukimbilia uani, mkewe hunyamaza, na kicheko chote amekwisha kukiacha barazani kwa rafiki zake. Watu hao na wautazame mwendo wa Bwana wetu Muhammad (S.A.W.) alipokuwa na watu wake. Hapana aliyemshinda kwa haiba, wala hapana aliyemshinda kwa bashasha.

Wala asidhani mtu kuwa bashasha ile ilitokana na maisha mepesi. Alizaliwa Makka, Mwaka wa Tembo, ambao wengi huuhisabu kuwa ni 570, na baba yake, Abdallah, alikuwa amekwisha kufa. Alipokuwa na miaka 6, mama yake, Bibi Amina, alifariki safarini mahali paitwapo Abwa, walipokuwa wakirejea Makka. Alipotimia miaka 8 akafa babu yake, Abdul-Muttalib, aliyekuwa akimpenda mno. Akalelewa na ami yake, Abu Talib.

Alipokuwa na miaka 25 alimwoa Bibi Khadija, na maisha ya bibi huyo yote hakumwolea mke mwenza. Wakazaa Qasim, Abdallah, Zaynab, Ruqayya, Umm Kulthum na Fatima. Wale wanaume wawili wakafa wadogo. Mwaka 619 Bibi Khadija naye akafariki, na Abu Talib akafariki mwaka ule ule, ukaitwa Mwaka wa Huzuni. Lakini mapenzi hayakuzikwa pamoja na mwenyewe: hata baadae huko Madina, Mtume akichinja mbuzi, alikuwa akikata vipande na kuwapelekea wanawake waliokuwa rafiki za Bibi Khadija.

Alihamia Madina mwaka 622. Vyumba vyake vilikuwa vidogo, na siku nyingi zilipita moto haukuwashwa jikoni, chakula kikawa ni tende na maji. Juu ya hayo, nyumba ile haikuwa nyumba ya kununa. Alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kazi zao, akishona viatu vyake na kutia viraka nguo yake kwa mkono wake. Anas bin Malik alimtumikia miaka 10, wala hakusikia kwake neno la kumkemea.

Safari moja aliwaambia watu watangulie, kisha akashindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa. Akanyamaza. Siku zikapita nyingi, Bibi Aisha akanenepa, na jambo lile akalisahau. Ndipo katika safari nyingine akawaambia watu tena watangulie, wakashindana, na mara hii yeye akashinda. Akacheka, akamwambia kuwa hiyo ni malipo ya ile ya kwanza. Na siku ya Idi, Wahabashi walipokuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini, alisimama akimsitiri mkewe kwa shuka yake ili apate kutazama, asiondoke hata yule bibi alipochoka mwenyewe.

Kwa watoto ndiyo zaidi. Mjukuu wake alimpanda mgongoni naye yuko katika sijida, akairefusha sijida ile asimharakishe. Umama, binti wa Zaynab, alimbeba akiwa anasalisha, akimweka chini anaposujudu na kumtwaa anaposimama. Siku moja alimbusu Hasan mbele ya Aqra bin Habis, mkubwa katika Bani Tamim. Aqra akastaajabu, akasema kuwa yeye ana watoto 10 wala hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamjulisha kuwa asiyerehemu harehemiwi. Tena alikuwako mtoto mdogo, ndugu yake Anas, aliyekuwa na kidege chake cha kuchezea. Kidege kikafa, mtoto akahuzunika. Basi yule aliyekuwa na umma mzima wa kuutazama aliketi naye, akamwita kwa jina la kiutu uzima, Abu Umayr, akamwuliza khabari za kidege chake.

Alifanya mzaha na watu wa sokoni pia. Zahir, bedui asiyekuwa na sura nzuri, alikuwa akiuza vitu vyake, Mtume akamjia kwa nyuma akamkumbatia, akanadi nani atakayemnunua mtumwa huyu. Zahir alipomtambua akasema kuwa bei yake itakuwa duni. Akajibiwa kuwa mbele ya Mwenyezi Mungu yeye ni ghali. Ndivyo ulivyokuwa mzaha wake: hapana uwongo ndani yake, na aliyetaniwa huondoka amenyanyuliwa.

Na misiba haikukoma. Ruqayya alifariki mwaka 624, siku za vita vya Badr. Zaynab akafuata, kisha Umm Kulthum. Akaruzukiwa mwana kwa Bibi Maria, akamwita Ibrahim. Naye akafa mwaka 632, hajatimia miaka miwili. Mtume alimpakata, machozi yakamtoka mbele ya watu, akawafahamisha kuwa machozi hayo ni rehema, na kwamba ulimi hausemi ila linalomridhi Mola. Siku ile jua likapatwa, watu wakanena kuwa limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Akawakataza: jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu.

Mwaka ule ule akaugua maradhi ya mwisho. Bibi Fatima, ndiye peke yake aliyesalia katika watoto wake wote, akaja kumtazama. Akamnong'oneza neno, akalia. Akamnong'oneza la pili, akacheka. Ilipojulikana baadae, la kwanza lilikuwa ni khabari ya kufa kwake, na la pili kuwa yeye ndiye wa kwanza kumfuata katika watu wa nyumba yake. Hata katika uchungu ule hakupenda binti yake aondoke akilia. Akafariki chumbani mwa Bibi Aisha, kichwa chake kifuani pake. Na baada ya miezi 6 hivi Bibi Fatima akamfuata.

Basi mwenye kupenda kumfuata katika sala na saumu, na amfuate pia anapofungua mlango wa nyumba yake. Mwenyezi Mungu atujaalie hayo, sisi na vizazi vyetu. Amin.