Habari za John Logie Baird

John Logie Baird alizaliwa mwaka wa 1888 katika mji wa Helensburgh, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa kasisi. Tangu utoto aliugua mara kwa mara, na udhaifu huo wa mwili ulimfuata siku zote za maisha yake. Lakini akili yake haikulala.

Alijifunza ufundi wa umeme mjini Glasgow, akapata kazi katika kampuni ya umeme, kisha akaiacha. Akauza soksi, akasafiri mpaka kisiwa cha Trinidad kupika jamu, akarudi Uingereza, akauza sabuni. Mara kwa mara maradhi yalimkatiza. Mwaka wa 1923 akaenda Hastings, mji wa pwani, ili apate afya. Hapo, bila kazi wala fedha nyingi, akaazimu kutafuta njia ya kupeleka picha mbali, kama vile simu ya upepo ilivyopeleka sauti.

Vyombo vyake vilikuwa vya kimaskini: sanduku la chai, kasha la kofia, vioo vya taa za baisikeli, sindano na lakiri. Navyo vilifanya kazi hivi. Bamba la duara lenye matundu lilizungushwa upesi mbele ya kitu. Kila tundu lilipitisha nuru ya mstari mmoja tu wa kitu kile, na nuru hiyo ikageuzwa kuwa umeme. Upande wa pili umeme uliiwasha taa, mara kwa nguvu, mara kwa unyonge. Na bamba jingine, likizunguka sawasawa na la kwanza, likaipanga mistari ile ikawa picha tena. Mjerumani Paul Nipkow alilifikiri bamba hilo mwaka wa 1884, lakini hakuunda mtambo wenyewe.

Mwaka wa 1924 umeme ulimpiga Baird akaanguka, na mwenye nyumba akamtaka ahame. Basi akaenda London, akapanga vyumba vya juu katika mtaa wa Frith. Tarehe 2 Oktoba 1925 kichwa cha mwanasesere kilionekana vizuri katika mtambo. Baird akashuka ngazi mbio, akamwita William Taynton, kijana wa ofisi ya chini, akamketisha mbele ya taa kali. Alipokwenda kutazama, hakuona kitu, kwa kuwa kijana alikuwa amejitenga na joto la taa. Akampa fedha kidogo, akamrudisha mahali pake, na mara uso wa mtu aliye hai ukatokea.

Tarehe 26 Januari 1926 wataalamu wa Royal Institution walikuja kushuhudia. Mwaka wa 1927 picha zake zilifika Glasgow kwa waya za simu. Mwaka wa 1928 zikavuka bahari mpaka Marekani. Na mwaka wa 1929 BBC ikaanza kuzipeleka hewani kwa majaribio.

Lakini mafundi wengine nao hawakukaa bure. Mwezi wa Novemba 1936 BBC ilipofungua televisheni yake mjini London, mitambo miwili ilishindanishwa kwa zamu, wiki kwa wiki. Picha ya Baird ilikuwa na mistari 240. Ile ya Marconi-EMI, isiyotumia bamba la kuzunguka, ilikuwa na mistari 405. Mwezi huo huo moto uliteketeza jumba la Crystal Palace, na karakana za Baird ndani yake. Februari 1937 BBC ikauacha mtambo wake.

Baird hakukata tamaa. Aliendelea kufanya kazi hata wakati wa vita, na mwaka wa 1944 akaonyesha televisheni ya rangi, isiyo na bamba lolote. Televisheni ya Uingereza, iliyofungwa mwaka wa 1939 kwa sababu ya vita, ilifunguliwa tena tarehe 7 Juni 1946. Juma moja baadaye, tarehe 14, Baird akafariki dunia katika mji wa Bexhill.

Bamba lake halimo tena katika televisheni. Hata hivyo, aliyefyeka njia ya kwanza msituni hastahili kusahauliwa kwa kuwa wengine walikuja baadaye wakajenga barabara.